Zamu ya Wenye Vidonda

Usiku ule simu haikulia. Nilikaa mbele yake jikoni nimejitanda shali, nikisikiliza theluji ikiporomoka kutoka paani kwa vishindo. Mume wangu Eisaku alikuwa amempakia mama yake garini baada ya chakula cha jioni, wakashuka mlima kwenda hospitali. Mimi nilibaki kwa sababu kigari chetu cha mizigo kina viti viwili tu. Mama Shigeno alikuwa akitetemeka hata meno yanagongana, mgongo unawaka kama kikaango, na bado alinikaripia kupitia dirishani.

"Kinue, koki ya bafu uipunguze kabla hujalala. Baridi ya leo itapasua bomba."

"Ndiyo, Mama. Funga shingo."

"Shingo yangu iache. Koki."

Homa ikiwa juu namna ile, wengine huita wafu wao. Yeye aliita koki. Nilikwenda kuipunguza, nikarudi, nikaweka kiti karibu na simu zaidi ya pale kilipokuwa, kana kwamba ingenisikia.

Mama mkwe wangu si mtu wa kijiji cha Yunokura kwa kuzaliwa. Aliletwa akiwa bibi harusi kutoka ng'ambo ya mlima, binti wa wachoma mkaa, akitembea kwa miguu huku mjomba wake amebeba godoro la harusi mgongoni. Alifiwa na mumewe, Yaroku, Eisaku akiwa bado ananyonya. Majira yaleyale ya baridi wazee wa kijiji walimpa ufunguo wa bafu ili apate cha kumshikilia. Akaushika mpaka nywele zikawa nyeupe.

Bafu letu ni kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya chemchemi ya moto, wanaume kushoto, wanawake kulia. Kila nyumba huoga humo. Zipo nyumba siku hizi zenye bafu la ndani, lakini ukichungulia utakuta madebe ya figili za chumvi. Mlinzi wa bafu huamka kabla ya wote, hupima joto la maji kwa kiwiko, huokota nywele, hupanga ndoo. Siku ya kusugua hung'oa kizibo, maji yote yakaenda mtoni, kisha hupiga magoti ndani ya hodhi tupu na kusugua ubao mmoja baada ya mwingine.

Watu aliwajua kwa migongo. "Uso hujifunza kudanganya kwa siku moja," aliniambia mara nyingi, "lakini mgongo haujui kudanganya kabisa." Jirani yetu, Shangazi Towa, alipewa habari ya ini lake hapo bafuni, Mama Shigeno akiwa ameshika kitambaa chenye povu. "Towa, umegeuka njano kama haradali. Kesho nenda mjini." Towa alicheka, lakini akaenda. Mpaka leo yu hai na mdomo wake wote.

Sasa kuna jambo moja la maji yetu. Yanaitwa Maji ya Majeraha. Tunasema ni kulungu aliyechomwa mshale ndiye aliyewaonyesha wazee chemchemi hiyo, na tangu hapo mtu wa kwetu akijikata kwa shoka au msumeno, hupelekwa majini. Lakini yana adabu yake. Mwenye kidonda haingii na wenzake. Husubiri siku ya kusugua. Kijiji kizima kikishaoga na maji kuwa mazito kidogo, huingia peke yake, wa mwisho kabisa. Akitoka, kizibo kinang'olewa. Kwa hiyo hamchafulii mtu. Mama Shigeno aliilinda zamu hiyo kuliko sheria zote za bafu. Aliwahi kumtoa mwenyekiti wa kijiji akiwa uchi, kwa jipu moja la kwapani. "Zamu yako mwisho, Bwana Mwenyekiti. Vaa."

Uvimbe wa mgongoni kwake niliuona mimi, kwa sababu mgongo ule nimeusugua tangu nilipoolewa. Ulikuwa karibu na bega la kulia. Kwanza kama harage, baadaye kama plamu. Alisema ni mafuta tu. Daktari naye akasema ni mafuta tu, ila bora yatolewe, maana yalikuwa yameanza kumuuma alipoinama kusugua. Walimchoma ganzi mahali palepale, wakaupasua, wakashona. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akinung'unika kwamba nesi ana mikono baridi.

Muuguzi alinieleza mimi, si yeye, maana yeye alikuwa anatazama saa ya basi. Kidonda kiwe kikavu. Nikiambiwa kuosha, maji ya kumwagia tu, na povu la sabuni laini, kisha nikaushe kwa kugusagusa. Asikae ndani ya maji kabisa mpaka nyuzi zitolewe na ngozi ijifunge vizuri. "Ana kisukari," alisema. "Ngozi yake itachukua muda. Ukiona wekundu unasambaa, joto, usaha, harufu au homa, mlete, usisubiri." Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Mimi shule sikufika mbali, lakini nikisikia jambo mara mbili halitoki.

Nyumbani kazi ikawa yangu. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, nikamketisha karibu na jiko la mafuta ya taa, nikaondoa shashi kwa kuivuta upande wa ngozi na si kwenda juu. Nyuzi zilikuwa nyeusi, zimelala kama miguu ya tandu. Kila siku nilizitazama kwa miwani.

"Unatafuta nini humo, dhahabu?"

"Tulia, Mama."

"Unanipumulia. Pumulia ukutani."

Siku za kwanza kidonda kilikuwa kizuri, kikavu, rangi ya waridi. Nililala usingizi. Halafu, alasiri moja, shashi ilitoka imelowa, na pembeni mwa kidonda ngozi ilikuwa nyeupe yenye makunyanzi, kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Niliinusa. Ilinuka kiberiti, harufu ya chemchemi yetu.

"Mama, umeingia majini?"

"Kijiji kizima kinanuka hivyo. Hata paka."

"Shashi ya jana haikunuka."

"Pua yako ingefaa polisi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba na kukuta taulo lake limeanikwa chini ya mikeka, mahali pasipoanikwa kitu. Siku ile ilikuwa ya kusugua. Nikaelewa. Hakuwa ameiba kuoga. Alikuwa amesubiri mpaka kijiji kizima kimalize, mwanamke wa mwisho atoke, maji yachakae, ndipo akashuka na kidonda chake kibichi, akakaa mpaka mabegani. Kisha aling'oa kizibo na kusugua hodhi kama kawaida. Alikuwa na kidonda, na zamu yake ilikuwa ya mwisho. Alifuata sheria yake mwenyewe.

Nilisema turudi mjini. Alisema kidonda kinachonywa maji yetu huwa chekundu kwanza, ni dalili ya kupona, kila mtu anajua. Asubuhi wekundu ulikuwa umetoka nje ya shashi. Niliuzungushia alama kwa kalamu alipokuwa amelala kifudifudi, bila kumwambia. Jioni ulikuwa umevuka alama yangu kwa upana wa kidole, na sahani yake ya uji wa wali haikuguswa. Nikamwita Eisaku.

Simu ililia alfajiri.

"Kinue? Wamekifungua tena," Eisaku alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama usiku kucha. "Usaha ulikuwa mwingi. Wameosha ndani, hawakushona, wamekiacha wazi. Wanamtundikia dawa. Daktari ananiuliza alioga wapi, na Mama hataki kusema."

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Aliingia maji ya mwisho, siku ya kusugua."

Eisaku ni mtoto wa bafu lile, alijua ninalosema.

"Atakasirika," alisema.

"Akasirike akiwa hai."

Nilikwenda kwa basi. Daktari alikuwa mtu wa polepole, aliyevuta kiti na kukaa chini ya macho ya mgonjwa, asiongee naye kutoka juu. Alimweleza kwamba maji waliyokalia watu wengi, tena ya moto, hubeba vijidudu kutoka kila mwili, na kwamba kidonda kilichopasuliwa ni mlango. Chemchemi inapotoka mwambani huenda haina neno. Maji ya siku ya kusugua ni kitu kingine. Mama Shigeno alisikiliza amegeuzia uso ukuta. Nilidhani amelala. Ndipo akauliza, taratibu sana:

"Zamani, Daktari. Mtu kijana, ana nguvu zake. Mguu umekatwa na shoka. Akiingizwa humo?"

"Wengine walipona."

"Na wengine?"

"Wengine walipata homa kama yako, Mama. Na huko mlimani wakati ule dawa hizi hazikuwapo."

"Wakafa."

Daktari alinitazama mimi kwanza. "Wengine walikufa, ndiyo."

Vidole vya Mama vilikuwa vimeshika ukingo wa shuka, navyo vilikuwa vyeupe. Mimi nilijua anamzungumzia nani, na Eisaku, aliyekuwa amesimama dirishani, alijua pia. Yaroku alikuwa mkata miti. Shoka liliteleza likampiga kwenye muundi. Kijiji kilisubiri siku ya kusugua, na mkewe ndiye aliyemshika kwapani akamshusha majini, mtoto akiwa amefungwa mgongoni. Homa ilikuja, akafa. Walisema mlima umemchukua, kama unavyochukua. Hakuna aliyesema neno juu ya maji.

Aliporuhusiwa, daktari alinifundisha upya, maana sasa halikuwa suala la kubandika tu. Lilikuwa shimo ambamo plamu ingetosha. Kila siku nitoe shashi ya ndani, nimwagie maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kisha nijaze shashi nyingine iliyoloweshwa, kwa ulegevu, nisiisindilie, ili nyama ijijaze kutoka chini kuja juu. Nyama nyekundu inayong'aa kama punje za komamanga ni nzuri. Ya kijivu, au yenye harufu, nimlete. "Usiruke siku," alisema. "Juu pakijifunga kabla ya chini, usaha utabaki ndani, na damu yake haitastahimili mara ya pili." Nilifanya mbele yake mara moja. Mama Shigeno hakutoa hata sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu. Angenitukana ningepumua.

Tulifika nyumbani, akaingia chumbani kwake, akausukuma mlango ukajifunga. Nikasikia kijiti kikilazwa kwenye reli kwa ndani. Milango yetu ya vyumba ni ya karatasi kwenye fremu ya mbao, huteleza juu ya reli. Mtoto anaweza kuitoboa kwa kidole. Lakini mlango wa namna hiyo haumzuii mtu kwa nguvu zake, humzuia kwa heshima ya aliye ndani.

Siku iliyofuata, saa ya shashi ilipofika, niliweka sinia mlangoni.

"Mama, ni mimi."

"Sihitaji."

"Daktari amesema tusiruke."

"Mwambie daktari wako aje asugue bafu pia, kwa kuwa amejua maji kuliko sisi."

Eisaku aliporudi kutoka kazini alijaribu kwa njia yake. "Mama, hii ni karatasi. Nitaupasua."

"Pasua. Wewe ndiye utakayeubandika upya, na gundi yako ile yenye madonge."

"Mama, mimi ni mtu mzima, nina mvi."

"Na madonge."

Eisaku alicheka, halafu nikamwona anakwenda kusimama jikoni amegeukia bomba, asijaze kitu. Mimi niliketi palepale chini. Nilizungumza na karatasi, polepole, nikimwambia shashi iliyo ndani sasa imekaa muda mrefu kupita kiasi, kwamba hata kama ananichukia mgongo haunichukii. Baada ya muda alijibu, na sauti haikuwa ya ugomvi.

"Yaroku hakufungwa shashi, Kinue."

"Najua, Mama."

"Niliosha kile kidonda kwa mkono huu. Nilikifungua kitambaa mwenyewe ili maji yaingie vizuri. Alisema yanauma. Nikamwambia, ndiyo yanafanya kazi."

Nilimsikia akijigeuza upande mmoja, akiguna.

"Halafu kijiji kikanipa ufunguo," alisema. "Mimi."

Usiku huo hakufungua. Alfajiri niliweka sikio kwenye karatasi nikahesabu pumzi zake, na zilikuwa za haraka kuliko nilivyopenda. Nilikuwa nimeamua kwamba ikifika mchana nitamwita Eisaku aivunje fremu, na heshima tutaiomba msamaha baadaye. Kabla ya hapo ilinibidi niende bafuni, kwa maana ilikuwa siku ya kusugua, na ufunguo ulikuwa kwenye aproni yangu tangu Mama alazwe. Niliokota nywele, nikapanga ndoo, watu wakaoga wakaisha. Nilirudi nyumbani kumtazama kabla ya kung'oa kizibo.

Shangazi Towa alikuwa amesimama kibarazani, theluji mabegani.

"Naomba ufunguo, Kinue. Kumeji kajikata na patasi, kiganja hiki chote. Nimemfunga kitambaa. Wanaume wameshatoka?"

"Wametoka."

"Basi ni zamu yake. Yuko pale mlangoni pa bafu anasubiri, na unajua mume wangu, akisubiri anaanza kuvua nguo."

"Shangazi, asiingie. Mpelekeni mjini akashonwe."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Mjini? Kwa patasi?"

"Umemwona Mama alivyorudi. Ni yale maji ya mwisho. Daktari amesema."

"Shigeno ni mzee na ana kisukari. Kumeji ana shingo ya ng'ombe. Nipe ufunguo."

"Sitoi, Shangazi."

"Haa!" Akatupa mikono. "Umeolewa hapa jana unanifundisha maji! Ufunguo huo si wa aproni yako, ni wa kijiji. Na mwenye bafu si wewe."

Akavua viatu, akapita mbele yangu na soksi zake zilizolowa, moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa karatasi. Nilimfuata nikimshika mkono. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Dada Shigeno! Ni mimi Towa. Najua unaumwa, nisamehe. Kumeji amejikata mkono, na leo ni siku ya kusugua, na mkweo ananinyima ufunguo. Anasema zamu ya wenye vidonda haipo tena. Sema neno moja tu, nimpeleke mume wangu akaoge."

Ndani hapakuwa na kitu. Towa alinitazama kwa ushindi, kisha ushindi ukaanza kumtoka usoni, maana kimya kilikuwa kirefu. Nilisikia jiko likivuma. Nilimwona Mama Shigeno kwa mawazo, amekaa kwenye godoro lake, na mbele yake mlango, na nje ya mlango mke anayetaka kumshusha mumewe majini.

"Dada?" Towa alisema, kwa sauti ndogo sasa.

"Kinamwuma?" Mama Shigeno aliuliza.

"Kinamwuma sana. Ndiyo maana nataka kiingie maji."

Mkeka ulilia. Kitu kizito kilijikokota. Kijiti kiliinuliwa kutoka kwenye reli, kikaanguka, kikabingirika ukutani, na mlango ukasukumwa mpaka mwisho wake, ukagonga nguzo.

Alikuwa ameketi chini palepale kizingitini, ametugeuzia mgongo, kanzu ya kulalia ameishusha mpaka kiunoni. Shashi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Harufu ilitufikia sote wawili. Towa akafunika mdomo.

"Tazama vizuri, Towa," alisema bila kugeuka. "Sogea. Tazama kisha ukimbie ukamvalishe Kumeji suruali yake, mwambie Shigeno amesema hapana. Akibisha, mwambie nakuja mwenyewe."

Halafu aliinamisha kichwa, nywele zikaachia shingo.

"Kinue. Nawa mikono, ufanye haraka."